Maswali Yenu: Vifaa vya Kunyolea Visivyotengenezwa Tena

Tangu tuandike juu ya kunyoa kwa brashi na sabuni ya bakuli, maswali mengi yamehusu vitu ambavyo viwanda vimeacha kuvitengeneza. Tumechagua matano.

Nimenunua soko la Owino, Kampala, mashine ya Gillette ya zamani, ile inayofungua milango miwili ukizungusha kitasa cha chini. Imeandikwa imetengenezwa Marekani. Chini ya kichwa kuna herufi F upande mmoja na tarakimu 3 upande mwingine. Ni ya lini, na inanyoleka? – Msomaji, Jinja

Kwa maelezo yako hiyo ni Super Speed, aina iliyoanza kuuzwa 1947. Herufi ni mwaka na tarakimu ni robo ya mwaka. Hesabu ya Marekani ilikwenda W kwa 1951, X 1952, Y 1953, Z 1954, kisha ikarudi A kwa 1955. Basi F ni 1960, na 3 ni kati ya Julai na Septemba. Inanyoleka, tena vizuri kuliko nyingi zinazouzwa mpya leo.

Isafishe kwanza. Fungua milango yote, iloweke nusu saa katika maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, pamoja na matone machache ya sabuni ya vyombo. Sugua kwa mswaki laini, hasa kwenye bawaba za milango, maana huko ndiko povu la miaka mingi lilikogandia. Usiichemshe sufuriani. Usitie jiki: klorini hutoboa nikeli vishimo vidogo, na chini ya nikeli kuna shaba nyeupe au nyekundu ambayo itaota kutu ya kijani. Siki nayo haifai kulowekea, wala steelwool kusugulia. Kama mashine yako ingekuwa ya rangi ya dhahabu tungekukataza hata dawa ya meno, kwa sababu utando wa dhahabu ni mwembamba mno.

Ikishakauka, izamishe dakika 10 katika spiriti ya asilimia 70. Ile ya asilimia 99 hukauka upesi kabla haijaua vijidudu, kwa hiyo usidhani kali zaidi ndiyo bora. Mwisho dondosha tone moja la parafini ya maji ya duka la dawa ndani ya kitasa, uzungushe mara kumi hivi.

Kabla ya kunyoa, tia wembe mpya, funga, uielekeze mashine usoni pako uone ncha ya wembe inavyochomoza. Pande mbili zichomoze sawa. Upande mmoja ukizidi, mashine iliwahi kuanguka na sahani yake imepinda; hiyo iweke kabatini uitazame tu, kwa kuwa upande uliozidi utakukata kila siku. Iliyo nzima ni pole sana, na kwa ndevu zetu za kujisokota hilo ni jambo kubwa: wembe mmoja unaokata usawa wa ngozi hauuachi unywele ujikunje chini yake na kuleta vipele, mradi unyoe kufuata unakoelekea unywele na usikandamize.

Nina kipande cha sabuni ya kunyolea ya Kiingereza, ya mafuta ya ng'ombe, ambayo sasa kiwanda kinaitengeneza kwa mafuta ya mimea. Imepasuka, imesinyaa na inacheza bakulini. Imeharibika? – Msomaji, Mbale

Inuse. Ikinuka mafuta ya kukaangia yaliyochacha, au ukiona madoa ya rangi ya chungwa, mafuta yameoza na hakuna dawa. Nyufa peke yake ni maji yaliyopotea, na maji hurudishwa.

Ikune kwa kikunio cha karoti. Kwa gramu 100 tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya uvuguvugu, ukande, ungoje saa moja. Ikiwa bado inamomonyoka ongeza cha pili, usizidishe hapo. Ishindilie kwenye bakuli dogo kwa kitako cha kijiko na uiache wazi siku mbili. Tunakushauri ukune gramu 20 tu kwa mara moja. Zilizobaki zifunge kwa karatasi, uziweke kabatini penye giza na pakavu. Watu wengi wa Kampala huiacha sabuni bafuni, kisha wanashangaa ikiota ukungu.

Ili itoe povu, loweka brashi ya manyoya ya nguruwe dakika 5, ikung'ute mara mbili, uizungushe juu ya sabuni sekunde 40 kamili. Sabuni za mafuta ya ng'ombe zilizokauka hazitoi haraka, na kosa la kawaida ni kuacha mapema. Povu lenye mapovu makubwa yanayopasuka maana yake sabuni ni kidogo. Likiwa zito kama uji uliolala, maji ni kidogo, ongeza matone matatu matatu hadi ling'ae. Kama unatumia maji ya kisima chenye chokaa, povu litakufa hata ufanyeje: chokaa hushikana na sabuni na kuwa utando mweupe. Kinga maji ya mvua. Kikombe kimoja kinatosha kunyoa.

Losheni ya baada ya kunyoa niliyoizoea bado ipo madukani kwa jina lilelile, ila harufu si ile. Je, ni bandia? Na chupa ya zamani kabisa niliyopata, niipake? – Msomaji, Mbarara

Huenda si bandia. Umoja wa Ulaya ulikataza kemikali ya harufu iitwayo Lyral katika bidhaa mpya mwaka 2019 kwa sababu ya mzio, na nyingine iitwayo Lilial kuanzia Machi 2022 kwa sababu ya madhara kwa uzazi. Zote mbili zilikuwa ndani ya manukato mengi yanayonukia kama maua, na zilipoondolewa harufu zikabadilika. Soma kibandiko cha chupa: Lilial huandikwa butylphenyl methylpropional. Ukiliona neno hilo, huenda ni toleo la zamani.

Chupa za kabla ya miaka ya 1980 zina jambo jingine. Nyingi zilitiwa musk ambrette, kitu kinachofanya ngozi iungue na kubaki na mabaka ikipigwa na jua. Kwa jua letu la ikweta, tafadhali usiipake usoni. Tia matone mawili kwenye leso. Harufu utaipata yote, na ngozi yako itabaki salama. Usoni tumia shabu: ni madini, haizeeki, na jiwe lililokaa miaka 50 hufunga damu kama la jana. Ilowanishe, pitisha, ngoja dakika moja, suuza.

Ukitaka kuagiza chupa kutoka nje, ujue losheni zenye spiriti nyingi zinashika moto, na posta ya kimataifa haizipokei.

Brashi ya manyoya ya farasi, ya zamani sana, mpini mzuri wa mfupa. Nawezaje kuiua vijidudu? – Msomaji, Gulu

Usijaribu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, brashi za bei nafuu za manyoya ya farasi ziliambukiza watu kimeta, huko Uingereza na Marekani. Ni ugonjwa uleule ulioua viboko wengi katika hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, hapa Uganda, mwaka 2004. Mbegu zake hukaa miongo mingi, na spiriti haiziui. Kama hujui umri wa brashi, usiisugue wala usiipige vumbi. Ifunge ndani ya mfuko na uiache. Mpini mzuri haulipi hatari hiyo.

Nyembe za zamani za chuma cha kaboni, bado zimo kwenye karatasi. Zinafaa? – Msomaji, Fort Portal

Fungua mmoja uutazame kwenye mwanga. Doa lolote la kutu kwenye ncha, hata dogo kama tundu la sindano, litakwaruza, uuache. Ulio safi mara nyingi una alama za nta zilizoushikilia kwenye karatasi, na nta ikibaki wembe haukai sawa. Futa kwa pamba yenye spiriti, ukishika zile pande fupi zisizo na makali.

Tarajia kunyoa mara moja, pengine mbili. Ukimaliza utoe kwenye mashine, usuuze, uuchovye kwenye spiriti, uusimamishe ukauke. Usiufute kwa kitambaa. Ukiuacha ndani ya mashine usiku mmoja, asubuhi utaukuta na kutu, na kutu hiyo huhamia kwenye sahani ya mashine.