Nilipoanza kuandika malengo kama madeni

Daftari langu la biashara lina pande mbili. Ukilifungua kwa mbele unakuta ninaowadai na wanaonidai: jina, magunia mangapi, bei, siku aliyoahidi kulipa. Ukiligeuza ukaanzia nyuma unakuta malengo yangu ya maisha. Kwa miaka mingi upande wa mbele ulikuwa hausinzii, na ule wa nyuma umelala fofofo, wino umeanza kufifia.

Nauza dagaa kwa jumla soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Anayeijua biashara hii anajua maana ya mali kauli: unampa mtu magunia kumi anapanda nayo lori kwenda Rwanda au Kongo, mnaagana kwa neno tu. Bila daftari utarudi kijijini na kanga moja.

Siku moja soko limepooza, nikaligeuza daftari nikahesabu. Malengo 31, yote nimeyaandika mkesha wa mwaka mpya nikiwa nimetoka kanisani, moyo bado unachemka. Niliyotimiza yalikuwa matatu, na moja lilikuwa kununua friji. Nikajiuliza: ningekuwa na wadaiwa 31, waliolipa watatu, ningekaa hivi nimekunja miguu? Si ningeshawafuata hadi mlangoni kwao!

Basi nikakaa nikayaandika upya, kila lengo kama deni. Nani ananidai? Kiasi gani? Lini? Na malipo ya kwanza ni yapi, hata yawe ya shilingi elfu mbili?

Swali la kwanza ndilo lililofyeka shamba. "Kujua kuendesha gari": hakuna anayenidai, ila shemeji yangu alinicheka siku moja kwenye msiba nikaapa nitamwonyesha. "Nyumba Capri Point": niliiandika baada ya kwenda kwenye harusi kule, nikaona bustani na ziwa kwa chini. Hilo lilikuwa deni la mwenye bustani. Nimepiga mstari. Nakushauri usifute na usichane karatasi, piga mstari mmoja tu ili uendelee kusoma ulichokuwa unakitamani. Mimi nimejifahamu zaidi kwa yale niliyoyakata kuliko niliyoyabakiza.

Kuna lingine lilinichekesha na kunitia aibu. Niliandika kufungua kibanda cha chakula Busisi, niwauzie ugali na sato abiria wanaosubiri kivuko cha Kigongo. Wazo zuri sana, foleni ile ulikuwa unaijua. Nikaliacha daftarini. Nguzo za daraja zikaota majini mbele ya macho yangu, kila nikipita kwenda Sengerema naziona, na lengo langu bado limekaa pale. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu na ushee, gari linapita moja kwa moja. Abiria wa kumsubirisha ugali yuko wapi? Lengo nalo huchacha kama uji.

Ndiyo maana ratiba ya kulipitia daftari ni muhimu, na hapo nina ugomvi na washauri wengi. Wanasema lipitie kila asubuhi. Asubuhi gani? Saa kumi na moja mimi niko mwaloni nagombania mzigo. Nilijaribu kila Jumapili, nikashindwa ndani ya mwezi. Kilichonisaidia ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wakiwavuta kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi inavutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu. Soko linapumua. Basi na mimi siku hizo nashona zangu: nalifungua daftari kwa nyuma, na chai pembeni. Wewe kama ni mwalimu, una likizo. Kama ni bodaboda, kuna siku pikipiki iko kwa fundi. Tafuta siku ambayo kazi yako yenyewe inakuachia, usilazimishe ya mtu mwingine.

Malengo ninayoyafuatilia kwa wakati mmoja ni manne. Nilijaribu saba, matatu yakafa njaa.

Niwape mfano wa lililolipika. Nyuma ya daftari lilisomeka "Kumjengea mama". Miaka mitano halikusogea, maana hata mimi nilikuwa sijui linaanzia wapi. Nilipoliandika kama deni nikagundua mama hataki nyumba mpya, anataka ya kwake isivuje. Malipo ya kwanza yakawa nauli ya fundi kwenda kupima. Akarudi na hesabu: mabati 36, mbao, misumari. Kila giza likiisha, kabla sijagusa faida, nanunua mabati sita, yanapakiwa kwenda kwake Nansio, kisiwani Ukerewe. Mama akayahifadhi chumbani, pembeni ya kitanda. Siku moja akanipigia: "Mwanangu, haya mabati nalala nayo kama mume, utanitolea lini?" Nikamwambia vumilia mama, bado kumi na mbili. Mbao nilizitoa kwenye mchezo wetu wa kuchangiana fedha, zamu yangu ilipofika. Kijumbe wetu ndiye mtu pekee niliyemwambia mpango wote, kwa sababu ndiye anayepanga zamu. Hii ya kuutangazia ulimwengu malengo yako ili wakusukume, mimi imenishinda. Wengi watakupongeza mapema, nawe utajiona umeshafika.

Sasa nina moja gumu, la kuogelea. Nimezaliwa kando ya ziwa hili na maji yakinifika kifuani napiga kelele. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, na mji ule nilioushuhudia wiki ile sijausahau. Nani ananidai hapa? Mimi mwenyewe, kila ninapopanda chombo kwenda kwa mama. Ziwani sijifunzi, kichocho nakijua, kwa hiyo nalipia bwawa la hoteli. Malipo ya kwanza yalikuwa vazi la kuogelea, nililipata mtumbani Mlango Mmoja baada ya kupekua marundo mawili huku muuzaji akiniuliza, "Mama, ni la binti?"

Mbalamwezi iliyopita kijana anayenifundisha alinitoa mikono ukingoni. Nikaelea, nikahesabu hadi sita, maji yakaniingia puani nikamshika shingo nusura tuzame wote. Jioni nikalifungua daftari, nikaandika vilevile ninavyowaandikia wateja wangu: kalipa kidogo, salio lipo.