Muulize Mama Kopi: PDF yako ina maandishi au ina picha?

*Shikamoo Mama Kopi. Mimi ni mwalimu, naomba ajira kwa njia ya mtandao. Mfumo unataka vyeti vyote katika PDF moja isiyozidi MB 2. Nilivipiga picha kwa simu, nikaviunganisha, faili likawa MB 19. Nikalipeleka kwenye tovuti ya kupunguza, likashuka hadi MB 1, lakini sasa hata jina langu halisomeki. Nifanyeje? – Mwalimu, Songea*

Marahaba, mwalimu. Swali lako huja hapa steshenari kwangu Morogoro kila msimu wa maombi, ila huja kwa miguu, tena jioni ya siku ya mwisho, umeme ukiwa umekatika.

Kuna jambo moja ulielewe kwanza, maana majibu yangu karibu yote ya leo yanaliegemea. PDF ziko za namna mbili na jina lao ni moja. Ukiandika wasifu wako kwenye Word ukauhifadhi moja kwa moja kuwa PDF, ndani mna herufi: kompyuta inajua hii ni M, ile ni w, na kila moja ikae wapi. Kurasa tatu za namna hiyo kwa kawaida hazifiki hata nusu MB. Ukipiga karatasi picha, ndani mna picha tu. Kompyuta haijui kama ni cheti au ni ukuta wa choo, inahesabu vitone vya rangi. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha ya vitone milioni 12. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa vitone 200 kwa inchi, kiasi kinachosomeka bila shida, una vitone kama milioni 4. Kwa hiyo umebeba mara tatu ya unachohitaji, pamoja na kitambaa cha meza kilichoonekana pembeni.

Punguza mwanzoni, usingoje kuminya mwishoni. Acha kamera, tumia skana iliyomo kwenye simu: wa Android wataiona ndani ya Google Drive, wa iPhone ndani ya Notes. Hukata kingo na kunyoosha karatasi yenyewe. Chagua rangi ya kijivu. Nyeusi na nyeupe tupu hupunguza zaidi, lakini muhuri wa bluu uliofifia unaweza kupotea, na cheti kisicho na muhuri kitakutafutia maswali. Wasifu na barua ya maombi usiviprinti kisha ukaviskani, kama ninavyoona watu wakilipia kila siku (biashara yangu inafaidika, lakini roho inaniuma). Peleka PDF iliyotoka Word. Ikihitajika sahihi, skani ukurasa ule wa sahihi peke yake.

Na hizo tovuti za kupunguza bure: umepakia vyeti vyako, na pengine namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Tafuta programu inayofanya kazi hiyo ndani ya simu au kompyuta yako ukiwa umezima data. Ikifanya kazi bila intaneti, ujue faili halijaenda popote.

*Salaam Mama Kopi. Mimi ni katibu wa sacco. Niliwatumia wanachama taarifa ya mikopo kwa PDF, majina ya wanaodaiwa nikayafunika kwa boksi jeusi. Jioni yake mwanachama mmoja akayamwaga yote kwenye kundi la WhatsApp. Aliyatoa wapi? – Katibu, Mombasa*

Aliyatoa kwenye faili lako, katibu. Boksi ulilochora limekaa juu ya maandishi, na maandishi yamo chini yake, salama salimini. Alipitisha kidole juu ya weusi, akakopi, akapesti. Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani Marekani waraka wenye sehemu zilizofunikwa weusi, na waandishi wa habari wakazisoma kwa njia hiyohiyo. Na wale ni mawakili wa kulipwa!

Majina yafutwe kwenye Word au Excel kabla PDF haijazaliwa. Kama ulichonacho ni PDF tu, funika, printi, kisha skani ile karatasi. Hapa picha niliyoilaumu kwa mwalimu ndiyo inayokufaa, kwa sababu haina herufi za kukopi. Kabla ya kutuma, tafuta jina moja ndani ya faili kama mwenye nia mbaya angefanya. Halafu kaa na viongozi wenzako mapema. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ni heri mzungumze na waliotajwa kabla wao hawajazungumza na wakili.

*Assalaam alaykum Mama Kopi. Naandika tenzi za zamani kwa herufi za Kiarabu kwenye Word. Nikimpelekea mchapaji faili hilo, herufi huachana na nukta huhama. PDF hutoka sawasawa, lakini mjukuu wangu akikopi ubeti kutoka humo, maneno huja nyuma mbele. Kasoro iko wapi? – Mzee, Lamu*

Waalaykumu salaam, mzee wangu. Faili la Word kwa kawaida hutaja jina la fonti (seti ya maumbo ya herufi) tu, haliibebi. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa nayo huchukua nyingine, na pengine hiyo haina zile herufi za nyongeza za p, ch na v za Kiswahili. PDF hubeba fonti ndani yake. Ndiyo kazi iliyokusudiwa na John Warnock wa Adobe alipoandika wazo lake mwaka 1991: waraka utoke vilevile kwenye mashine yoyote. PDF ikatoka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO.

Lakini PDF huweka umbo la kila herufi na mahali pake kwenye karatasi, na si lazima iweke mpangilio wa kusoma. Programu inayokopi hulazimika kukisia neno lilianzia upande gani, na nyingine hukisia kushoto. Kwa hiyo mchapaji mpe PDF, mjukuu mpe Word. Ya kuhifadhi itoe kwa namna iitwayo PDF/A, ambayo Word na LibreOffice zinayo: hulazimisha fonti zote ziwemo ndani, na haikubali kufungwa kwa nenosiri, ambalo miaka thelathini ijayo hakuna atakayelikumbuka. Weka nakala mbili, moja isiwe Lamu.

*Mama Kopi, ni programu gani inabadilisha herufi moja tu kwenye PDF ya cheti? – Kijana, Dodoma*

Umesahau kutaja ni herufi ipi. Kama ni ya jina lililokosewa, aliyetoa cheti ndiye anayerekebisha. Kama ni ya daraja, sitakusaidia, na matokeo ya kidato cha nne yapo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kwa namba yako ya mtihani. Mwajiri anayafungua kwa simu.