Nyota zinachora mistari

SWALI: Nipo Dar es Salaam. Darubini yangu nimeielekeza kusini kwa dira ya simu, lakini picha za sekunde 60 zinatoka na mistari. Kosa ni la stendi au la mota?

JIBU: Kwanza hakikisha kidhibiti cha mota kimewekwa kizio cha kusini (nusu ya dunia iliyo kusini ya ikweta), kikibaki kaskazini, mota huzunguka kinyume. Kisha angalia mstari. Nyota ikiyumba mashariki-magharibi na kurudi kila dakika kadhaa, hiyo ni gia ya mota. Fupisha muda wa picha. Ikisogea kaskazini au kusini bila kurudi, mhimili wa stendi, ambao darubini huuzunguka, haujalenga ncha ya anga (pale anga linapoonekana kuzungukia), na kosa la digrii 1 tu laweza kuisogeza sekunde 15 za tao (kila moja ni 1/3600 ya digrii) kwa dakika.

Dira ya simu usiitegemee, chuma cha stendi huivuta. Inua mhimili digrii 7 hivi, maana kwenu ncha iko chini sana (angalia uzito wa kusawazisha darubini usigonge mguu wa stendi). Jioni ya Februari, nyota Mintaka ya kundi la Orioni ikikaribia utosi (juu kabisa ya kichwa), iweke katikati ya lenzi ya kutazamia yenye mistari ya msalaba, ungoje dakika 5. Ikiteleza kusini, sogeza ncha ya kusini ya mhimili kuelekea mashariki. Ikiteleza kaskazini, magharibi. Rudia hadi itulie. Mwinuko usahihishe kwa nyota ya ikweta ya anga (duara la angani lililo juu ya ikweta ya dunia) iliyo chini mashariki.