Mazda sio kampuni ya juzi
Mkuu hapo kwenye kusema Mazda, hii kampuni ya magari ya Japani, ni kampuni ya juzi inayomuiga Toyota umeikosea sana. Hawa jamaa wapo Hiroshima tangu 1920, walianza na bidhaa za koki, ile malighafi ya vizibo vya chupa, 1931 wakatoa pikipiki ya mizigo ya tairi tatu, staili kama ya guta zetu hizi. Bomu la atomiki lilipopigwa Hiroshima 1945 kiwanda kilisalimika kwa sababu kilikuwa nyuma ya kilima cha Hijiyama, majengo yakageuzwa hospitali na ofisi za mkoa, na Desemba hiyo hiyo wakaanza tena kuunda zile guta, fikiria mji wote umekuwa majivu!

Halafu injini ya rotari, ile isiyo na pistoni. Mwanzoni ilikuwa inajichimba mikwaruzo kwa ndani mpaka mainjinia wakaiita kucha za shetani, wenzao wengi wakaachana nayo ila wao wakakomaa mpaka 1967 wakatoa gari la Cosmo Sport. Na 1991 wakachukua Le Mans, yale mashindano ya magari ya saa 24 kule Ufaransa, na injini ya aina hiyo hiyo, Wajapani wa kwanza kabisa, Toyota kaja kushinda 2018.