Kwa mnaoanza kazi ya malikale: anzieni kwenye rejista

Ninyi mnaoajiriwa sasa makumbusho na forodha, wengi huja mkidhani mali iliyoporwa vitani hukamatiwa mpakani. Baadhi hukamatwa huko, ndiyo. Lakini kinachomshinda mwizi huandaliwa kabla vita havijaanza, kwenye rejista, yaani daftari linaloorodhesha kila kitu cha makumbusho.

Makumbusho ya Taifa ya Iraki, jijini Baghdad, yaliporwa Aprili 2003. Viliondoka vitu kama 15,000, na karibu 5,000 kati yake ni mihuri ya kale ya mawe, midogo kama kipande cha chaki. Kitu cha namna hiyo huvuka mipaka mfukoni. Kikiibuka mnadani, mwenye mali atakidai kwa picha, vipimo, namba ya usajili na, muhimu kuliko vyote, kasoro zake. Namba hukwanguliwa. Ufa ni vigumu kuuondoa bila kukiharibu kitu chenyewe. Basi msiandike tu "chungu cha udongo, kizuri". Andikeni mdomo umemeguka upande gani, sentimita ngapi, na mpige picha ya mmeguko wenyewe. Nakala ya rejista ikae mbali na jengo. Makumbusho ya Taifa ya Sudan, Khartoum, yaliporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Panapotokea hayo, jengo na makabati ya mafaili huwa hatarini pamoja.

Mtatumia pia orodha nyekundu za ICOM, Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Zinaonyesha aina za vitu vilivyo hatarini, si vile vilivyoibwa hasa. Vilivyoripotiwa kuibwa vitafuteni kwenye hifadhidata ya Interpol, shirika la kimataifa la polisi; programu yake ya simu, ID-Art, ni ya bure. Kitu kilichochimbwa kwa siri hamtakikuta humo, kwa sababu hakikuwahi kusajiliwa popote.

Hapo ndipo mnapaswa kuzisoma hati kwa jicho kali. Kibao cha Gilgamesh, chenye maandishi ya utenzi wa kale wa shujaa wa jina hilo, kilichorudishwa Iraki mwaka 2021 kiliuzwa Marekani kwa barua ya uongo: eti kilinunuliwa mnadani mwaka 1981, ndani ya boksi la vipande vya shaba nyeusi. Kibao ni cha udongo! Kiliingiaje kwenye boksi la shaba? Ulizeni maswali mepesi kama hayo, kisha mpigieni simu aliyetajwa kwenye hati.

Na akija mtu na sanamu akiwasihi mnunue "ili isipotee", msinunue, hata moyo ukiuma. Fedha hiyo hulipia uporaji unaofuata. Pigeni picha kama ataruhusu, andikeni maelezo yake, mwiteni mkuu wenu na polisi siku hiyohiyo.