Wageni wenye nguo za kuogelea Mji Mkongwe

Mdogo wangu, umeuliza uwaambieje watalii unaowatembeza, wanaopita soko la Darajani hapa Zanzibar wamevaa nguo za kuogelea, bila kuwaudhi ukakosa bakshishi. Waambie mapema, hotelini, kabla hamjatoka. Ukingoja mpaka mko sokoni unawaaibisha mbele za watu. Wengi hawana nia mbaya, hawajui tu kwamba pale ni mitaani kwa watu, pana misikiti na madrasa, si ufukwe wa Nungwi. Beba kanga mbili tatu mkobani, wajifunge. Mimi nafanya hivyo, na wengine huomba kuzinunua. Lakini anayewapiga picha watoto au kina mama bila idhini, huyo mzuie papo hapo, hata akinuna, hata bakshishi ikipotea. Wale ni jamaa zetu.