Kwa mnaoanza kuchambua kampuni za chipu: kiwanda kilichotangazwa hakijazalisha kitu

Nimemaliza kupitia rasimu za vijana wetu, na jamani, ni yale yale. Kampuni ikitangaza kiwanda leo, kesho Eksel imejaa weifa, zile sahani za silikoni ambazo chipu hutengenezwa juu yake, ambazo hata mitambo yake haijaagizwa. Nawapenda, ndiyo maana nawakemea.

1. TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengenezea kampuni nyingine chipu, hutangaza mapato ya kila mwezi kwa dola za Taiwan, lakini makadirio ya robo huyatoa kwa dola za Marekani. Kagua sarafu kabla hujaandika "ukuaji".

2. Tarehe ya kuanza uzalishaji. Hapa niliungua mwenyewe. Mei 2020 TSMC ilitangaza kiwanda cha Arizona: dola bilioni 12 kati ya 2021 na 2029, weifa 20,000 kwa mwezi, uzalishaji kuanza 2024. Mimi na kiherehere changu nikazidisha 20,000 kwa 12, nikajaza weifa 240,000 kwenye safu ya 2024, Januari hadi Desemba, bila kupunguza hata moja. Juu yake nikapanga mapato, juu ya mapato nikapanga faida, na uchakavu wa mitambo, yaani gharama yake inayogawanywa kwa miaka ya matumizi, nikausahau kabisa. Jedwali lilipendeza kweli. Bosi akauliza, "Mitambo inafungwa lini?" Nikamjibu kifua mbele kwamba kampuni yenyewe imesema 2024. Akaguna, akapitisha.

Julai 2023, kwenye mkutano wa matokeo ya robo, mwenyekiti Mark Liu akasema uzalishaji unasogezwa hadi 2025, kwa sababu mafundi wenye ujuzi wa kufunga mitambo hawatoshi. Swali lile lile la bosi! Nikashinda nafuta seli, huku mteja akiuliza kwa barua pepe weifa zake zimekwenda wapi. Hazikwenda popote, zilikuwa kwenye kompyuta yangu tu.

Kinachoniuma ni kwamba mlolongo wenyewe niliujua. Jengo likisimama bado kuna chumba safi kisicho na vumbi, kufunga mitambo, majaribio, idhini ya wateja, kisha kupandisha idadi polepole huku asilimia ya chipu zisizo na kasoro ikipanda nayo. Na weifa ikishaingia mtamboni, chipu za kisasa huchukua miezi kutoka. Kiwanda kile kilianza kuzalisha kwa wingi robo ya nne ya 2024, tena kwa N4, kimojawapo cha vizazi vya teknolojia ya TSMC. Kijana mmoja akanichokoza: "Kumbe 2024 ilikuwa sahihi!" Robo moja, mdogo wangu. Mimi niliweka zote nne.

3. Uchakavu huanza kuhesabiwa mitambo ikiwa tayari kutumika, haungoji wateja. Faida ghafi ya TSMC ilishuka kutoka asilimia 59.6 mwaka 2022 hadi 54.4 mwaka 2023, kwa kuwa mitambo haikupata kazi ya kutosha na N3, kizazi kipya kuliko N4, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kuna aliyeandika "uongozi umelegea". Futa.

4. Kwenye chipu za kumbukumbu, soma ghala kabla ya faida. Micron ilipata mapato ya dola bilioni 30.8 mwaka wa fedha 2022, mwaka uliofuata 15.5, maana wateja walikuwa wameshajaza maghala yao. Na mwaka wake wa fedha huisha mwishoni mwa Agosti au siku za kwanza za Septemba, kwa hiyo msiupange sambamba na wa Samsung mkadhani mmelinganisha.

5. Ahadi si matumizi ya mtaji ya mwaka. Ile ya Arizona ilitoka bilioni 12 ikawa 40, ikawa 65, na Machi 2025 ikafika 165. Sasa kuna mmoja wenu, simtaji, kaziweka zote 165 kwenye safu ya 2025. Kampuni nzima, viwanda vyake vyote, ilitumia chini kidogo ya bilioni 30 mwaka 2024! Rasimu nimekurudishia. Naitaka kesho kabla ya saa nne asubuhi, na safu ya uchakavu iwemo.